Hesabu ya Kona

Jumapili ya mwisho wa mwezi, alfajiri,
Mafiati bado imejifunika ukungu hadi puani,
tunakutana nyuma ya gereji ya Ambakisye,
masweta mawili mawili ndani ya makoti ya mvua.
Hatuulizani habari za nyumbani.
"Imewaka?"
"Kiki ya tisa."
"Basi leo kuna baridi kweli."

Yangu ni Honda ya marehemu baba, bwana mifugo,
aliyechanja nayo ng'ombe wa Usangu miaka kumi na tisa.
Kaka zangu waligawana shamba na mabati.
Chuma hiki wakaniachia mimi, wakicheka,
kikiwa na kiota cha panya kwenye chujio la hewa
na tanki lililooza kama gego.
Nikaifungua sebuleni, nati baada ya nati, juu ya magazeti,
nikazipanga kwenye makopo ya siagi, kila kopo na jina:
KABURETA. KLACHI. SIJUI.
Kopo la SIJUI ndilo lililojaa.
Ambakisye akaja kulipunguza, jioni hadi jioni,
mpaka ikabaki bolti moja.
Ninaivaa shingoni.
Hatujui ilitoka wapi, na pikipiki inatembea.

Lugano, karani wa benki, kabadilisha ekzosi:
sasa inanguruma kwa heshima,
kama mzee mwenye kikohozi asiyetaka kutoka kanisani.
Mwalimu Tusekile kaipaka yake rangi ya parachichi
na kuongeza meno matatu kwenye sproketi ya nyuma,
"maana milima haisomi vitabu," anasema.
Mzee Sanga, dereva mstaafu wa malori,
hajagusa kitu ila kiti:
kakishonea ngozi ya kondoo wa Makete,
na kila mtu ameshaomba kukikalia.

Uyole. Inyala, malori ya Zambia yakitupumulia visogoni.
Igurusi napiga honi mara moja
nikilipita josho. Wenzangu hawaulizi.
Chimala tunakunja kulia, na barabara inasimama wima.

Sasa shusha gia. Sikiliza.
Usiitazame kona, itazame inakokwenda;
lala nayo, usibishane nayo,
goti likinusa vumbi, kisha inuka,
na kabla hujamaliza kuinuka, nyingine.
Usangu inazama chini yetu, mashamba ya mpunga
yanakuwa vipande vya kioo, kisha vitambaa, kisha rangi tu,
na mimi, wa miaka arobaini na mbili, napiga kelele ndani ya helmeti
maneno ambayo mama hakunifundisha.

Pa!
Waya wa klachi wa Lugano.
Tunasimama sote. Tunatoa spana, koleo,
taa za kichwani, kitabu cha mafundisho cha Kijapani.
Tunajadiliana. Tunajadiliana kuhusu oili.
Ndipo inapanda Boksa, imebeba magunia mawili ya mbolea,
mama mmoja, na kuku wa mama,
dereva kavaa kandambili.
"Mmeharibikiwa, mabosi?"
Anashuka, anachomoa waya kwenye mwavuli uliovunjika,
anafunga, anakaza kwa meno, anajaribu.
Dakika nne. Kuku hakuamka.
Pesa anakataa. Anachotaka ni kuikalia ngozi ya kondoo.
Anaikalia. Anafumba macho.
"Eee," anasema. "Kumbe."

Kisha anatupita kwenye kona zote zilizobaki.

Matamba, viazi vya moto na chumvi,
injini zinapoa zikilia tik, tik,
na ugomvi wetu wa kila mwezi unaanza.
Wenyeji wanasema kona ni hamsini na saba.
Tusekile naye amepata hamsini na saba.
Lugano anaapa ni hamsini na tisa,
kwa kuwa mbili alizipita akiwa chini.
Mzee Sanga hahesabu; anafuta ukungu kwenye kioo cha pembeni
kwa mkono wa sweta, polepole,
kama mtu anayemfuta mtoto uso.

Mimi huwa napotelea kwenye ishirini na kitu,
pale mkono wa baba
unapozungusha mafuta kupitia wangu.